Kutafuta Hitilafu ya Umeme: Somo Tunalolisahau Darasani

Katika vyuo vyetu vya ualimu imekuwa desturi ya miaka mingi kufundisha mada ya umeme kwa kuchora. Mkufunzi huchora betri, swichi na balbu ubaoni, akaziunganisha kwa mistari iliyonyooka, kisha akasema: sakiti ikifungwa balbu itawaka, sakiti ikifunguliwa balbu itazimika. Mwanachuo hunakili, hufaulu mtihani, na baadaye huenda kuwachorea wanafunzi wake mchoro ule ule. Hatuna ugomvi na mchoro huo, kwani ni sahihi. Ugomvi wetu ni kwamba ndani yake kila kitu ni kizima. Waya haukatiki, swichi haishiki kutu, skrubu hailegei. Mwanafunzi anayehitimu kwa mchoro huo amejifunza umeme wa nyumba ambayo haijawahi kuharibika kitu, na nyumba ya namna hiyo hatujaiona bado katika milima yote ya Usambara.

Katika makala haya tunakusudia kutoa maoni yetu kwamba kutafuta hitilafu ndiko kipimo cha kweli cha kuelewa sakiti, na kwamba kazi hiyo yafaa ifundishwe tangu shule ya msingi, kwa betri za tochi na bila kugusa kamwe umeme wa nyumbani. Twasema haya si kwa sababu tuliyasoma mahali, bali kwa sababu tuliaibika.

Kisa kilichotufunza

Tulikuwa katika ukaguzi wa mazoezi ya kufundisha, katika shule moja ya msingi iliyo upande wa Soni. Ilikuwa Julai, wakati ambao ukungu huko haupandi mpaka saa nne na walimu hufundisha wakiwa na masweta. Asubuhi ile mwanachuo wetu mmoja alifundisha somo la sakiti kwa darasa la sita. Maandalio yake yalikuwa safi, michoro yake ilikuwa mizuri, na tulimpa alama za juu.

Jioni tulikaribishwa na mwalimu mwenyeji nyumbani kwake. Tulipofika tulikuta taa za vyumba viwili na ya barazani zimezimika tangu juzi, lakini ya jikoni inawaka. Kijana mmoja wa jirani aliyejulikana kwa ufundi alikuwa amekwisha kubadilisha balbu za vyumba vyote viwili, na baada ya hapo akabadilisha swichi moja. Sasa alikuwa juu ya stuli na bisibisi ya kupimia umeme mkononi. Aliigusisha kwenye ncha moja ya holda, ikawaka. Akaigusisha kwenye ncha ya pili, ikawaka pia. Akatangaza kwamba umeme upo wa kutosha na kwamba kilichokufa ni holda yenyewe, hivyo zinunuliwe holda tatu.

Mwalimu mwenyeji alimgeukia mwanachuo wetu, kwa kuwa alisikia kwamba asubuhi alifundisha umeme. Kijana wetu alitazama juu, akatazama swichi, akanyamaza. Aliyesema ni binti wa mwenye nyumba, mwanafunzi wa darasa la sita aliyekuwa akimenya viazi mlangoni. Alisema: "Baba, taa tatu zilizimika kwa pamoja. Holda tatu zinaweza kufa dakika moja?"

Hakuna aliyemjibu. Mwanachuo wetu, kwa kutaka kuonyesha kwamba naye ana la kufanya, alipanda kwenye stuli na kunyoosha kidole kuelekea waya mweusi. Alieleza baadaye kwamba alifundishwa kuwa waya mweusi ni wa nyutro, na nyutro haina madhara. Kwa bahati njema mwenye nyumba alimshika mkono na kumwambia ashuke. Tukaamua kumngoja fundi mwenye leseni kutoka Lushoto mjini.

Mzee huyo alifika kesho yake. Baada ya salamu hakufungua mkoba wake. Aliuliza kwanza: ni taa zipi hazifanyi kazi, na zipi zinafanya? Zilizimika pamoja au moja moja? Kabla ya hapo kulitokea nini? Aliambiwa kwamba zilizimika pamoja, usiku wa mvua, na kwamba jikoni hapakuwa na tatizo. Alizima swichi kuu, akahakikisha kwa kipimo chake kwamba nyaya hazina umeme, akapanda darini, akaenda moja kwa moja kwenye kiboksi cha maungio kilichokuwa kati ya jikoni na vyumba. Humo alikuta nyaya za nyutro zimesokotwa kwa mkono na kufungwa kipande cha mfuko wa plastiki. Maji yalikuwa yameingia, shaba imeshika kutu ya kijani, na msokoto umeachia. Kazi nzima haikuchukua nusu saa.

Walichokosa na alichokuwa nacho

Mtu anaweza kusema kwamba mzee yule alifaulu kwa sababu ya uzoefu wake. Uzoefu ulimsaidia, lakini sivyo tulivyoona. Binti aliyekuwa akimenya viazi hakuwa na uzoefu wowote, na hata hivyo alianza njia ile ile aliyoipita mzee. Wote wawili waliuliza ni sehemu gani ambayo taa zote zilizozimika zinaitumia kwa pamoja. Jikoni kunawaka, kwa hiyo njia ni nzima kutoka kwenye mita hadi jikoni. Vyumba na baraza vimezimika kwa mara moja, kwa hiyo kasoro iko mahali ambapo njia yao bado ni moja, yaani baada ya jikoni na kabla hazijaachana. Mahali hapo palikuwa pamoja tu. Haya yote yalijulikana kabla ya mtu yeyote kushika bisibisi.

Kijana wa jirani alifanya kinyume chake. Alianza na kile kilicho karibu na mkono, na kila kilipokataa alihamia kingine. Njia hiyo humpotezea mwenye nyumba fedha, na tena haimfundishi fundi kitu, kwa sababu hata akifaulu hajui kwa nini amefaulu.

Na mwanachuo wetu? Yeye alikuwa na maarifa yote yaliyotakiwa. Alijua kwamba umeme huhitaji njia ya kwenda na ya kurudi. Alijua kwamba taa za nyumbani zimeunganishwa kwa sakiti sambamba. Aliweza hata kuandika kanuni ambayo Georg Simon Ohm aliitangaza mwaka 1827. Lakini maarifa hayo yalikuwa yamewekwa kichwani mwake kama majibu, na hapakuwa na mtu aliyemwomba hata siku moja ayatumie kama maswali. Mtu wa kulaumiwa hapo si yeye. Ni sisi tuliompa alama za juu asubuhi.

Mfano wa mfereji na mwisho wake

Yatupasa tueleze pia kwa nini bisibisi ya kupimia iliwaka pande zote mbili, kwani hapo ndipo palipokuwa na hatari, na hapo ndipo ufundishaji wetu unapopotosha.

Walimu wengi wa Lushoto hufundisha umeme kwa mfano wa mfereji. Ni mfano mzuri, maana watoto wa huku wanaijua mifereji ya kumwagilia mboga kuliko wanavyojua vitabu. Maji ni mkondo, mteremko ni volteji, mawe na majani yanayozuia ni ukinzani. Lakini kila mfano una mpaka, na mwalimu asiyeonyesha mpaka huo huwaacha wanafunzi wavuke bila kujua. Mfereji ukibomoka, maji huendelea kutiririka mpaka mahali palipobomoka na kumwagika hapo. Waya ukikatika, umeme haumwagiki. Mkondo husimama katika njia ile yote kwa mara moja, mbele na nyuma ya mkato. Ila msukumo wake, yaani volteji, hubaki palepale ukingoja.

Sasa tuitazame nyumba ile. Waya wa nyutro ulikatika baada ya jikoni. Waya wa moto ulikuwa mzima na swichi ilikuwa imewashwa, hivyo volteji ilifika kwenye holda, ikapita katika uzi wa balbu, ikatokea upande wa pili na kusimama mbele ya mkato. Kwa kuwa hakuna mkondo uliopita, hakuna volteji iliyopungua ndani ya balbu. Ndiyo maana ncha zote mbili ziliwasha bisibisi, na ule waya mweusi ulioaminiwa kuwa hauna madhara ulikuwa na karibu volti 230 kamili. Lau mwanachuo wetu angeugusa, mwili wake ndio ungekuwa njia ya kurudi.

Hebu tufanye hesabu ndogo ambayo mwalimu yeyote wa sekondari anaweza kuifanya ubaoni. Balbu ya zamani ya wati 60 hutumia kiasi cha ampea 0.26. Mwili wa mtu mwenye ngozi yenye maji maji unaweza kuwa na ukinzani wa omu 1,000 hivi. Volti 230 zikipita humo, mkondo ni ampea 0.23. Vifaa vya kukata umeme unapovuja hutengenezwa vikate kwenye ampea 0.03, kwa kuwa zaidi ya hapo moyo umo hatarini. Kwa hiyo mkondo usiotosha hata kuwasha balbu ile sawasawa unatosha kuua, na fyuzi ya ampea 5 haitatikisika, kwa sababu fyuzi iliwekwa ilinde waya, haikuwekwa ilinde mtu. Hesabu hii haichukui dakika kumi. Tujiulize ni wanafunzi wangapi waliomaliza shule bila kuifanya.

Kwa nini jambo hili lina haraka

Wapo watakaosema kwamba umeme ni jambo la mjini. Hapo zamani ilikuwa hivyo. Kituo cha Hale katika Mto Pangani, chini ya milima hii, kilianza kuzalisha megawati 21 mwaka 1964, na vijiji vingi vya Usambara viliishi miaka mingi vikitazama taa za bondeni. Lakini Wakala wa Nishati Vijijini, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2005 na kuanza kazi mwaka 2007, umezibadili habari hizo. Leo nguzo zimepanda hadi kwenye vitongoji ambavyo gari hulipata kwa taabu. Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji, ambalo mtambo wake wa kwanza ulianza kazi mwaka 2024, lilijengwa kwa uwezo wa megawati 2,115. Nguvu kubwa namna hiyo husafiri nchi nzima, na bado inaweza kuishia kwenye msokoto mmoja wa waya uliofungwa plastiki darini.

Nyumba za huku nyingine ni za udongo, mvua ni nyingi na unyevu hukaa ukutani. Fundi mwenye leseni ya EWURA huenda akawa mbali kwa nauli ya kwenda na kurudi. Basi taa ikizimika, anayeitwa ni kijana wa nyumbani aliyesoma. Atapanda kwenye stuli, tupende tusipende. Jambo tunaloweza kuamua sisi walimu ni kile atakachokuwa nacho kichwani anapopanda, na kama kichwa hicho kitamwambia ashuke.

Ubao wa hitilafu

Tangu kisa kile tumejaribu chuoni kwetu zana moja rahisi, nasi twaitoa kwa walimu wenzetu waijaribu na kuirekebisha. Tumeiita ubao wa hitilafu.

Chukua kipande cha ubao na upigilie misumari tisa kwa mstari. Unganisha msumari wa kwanza na wa pili kwa kipande cha waya, wa pili na wa tatu kwa kipande kingine, hadi wa tisa. Vitakuwa vipande vinane. Betri mbili za tochi, zenye jumla ya volti 3, ziungwe upande mmoja kwenye msumari wa kwanza. Kutoka msumari wa tisa waya uende kwenye balbu ya tochi, na kutoka kwenye balbu waya wa kurudia uende upande wa pili wa betri. Funika nyaya kwa karatasi ngumu ili vichwa vya misumari tu ndivyo vionekane. Kabla ya kipindi, mwalimu akate kipande kimoja bila kuonwa na mtu.

Wanafunzi wapewe balbu ya pili yenye nyaya mbili. Waya mmoja ufungwe kwenye upande wa kurudia wa betri, na mwingine uwe wa kugusia misumari. Balbu ikiwaka, njia ni nzima mpaka hapo. Waache kwanza wafanye watakavyo. Wengi wataanza msumari wa kwanza na kwenda mmoja mmoja, na huenda wakahitaji majaribio saba. Kisha mwalimu aulize: mwenye shamba akikosa maji, naye mfereji wake ni mrefu, huanzia wapi kuangalia? Kuna mtoto atakayesema katikati. Basi na waguse msumari wa tano. Ukiwaka, nusu ya kwanza ni nzima. Waguse wa saba, haukuwaka. Waguse wa sita, unawaka. Kipande kilichokatika ni kile kilicho kati ya wa sita na wa saba, na majaribio yalikuwa matatu. Vipande vikiwa kumi na sita majaribio yatakuwa manne, na vikiwa thelathini na viwili yatakuwa matano. Hapo mwalimu wa hisabati naye amepata somo.

Siku nyingine mwalimu aache vipande vyote vizima na kukata waya wa kurudia. Misumari yote tisa itawasha balbu ya kupimia, na balbu kuu itabaki imezimika. Tumeona wanachuo watu wazima wakigombana mbele ya ubao huu. Usiwape jibu. Waache waguse upande wa pili wa balbu kuu, mahali ambapo waliamini hapana kitu, waone balbu zote mbili zikiwaka kwa unyonge. Atakayeeleza jambo hilo kwa maneno yake mwenyewe ameielewa nyumba ya mwenyeji wetu, na ameielewa kwa volti 3 ambazo haziumizi mtu.

Kuna hitilafu nyingine za kuficha: nyaya mbili zinazogusana ili kuonyesha shoti, karatasi nyembamba chini ya kiungo, msumari wenye kutu, balbu iliyoungua. Lakini kabla ya kugusa chochote, kila kundi liandike majibu ya maswali manne: nini kimekufa, nini bado kizima, vilivyokufa vinatumia njia gani pamoja, na jaribio gani litaigawa njia hiyo vizuri zaidi. Sisi hutoa alama nyingi zaidi kwa karatasi hiyo kuliko kwa balbu kuwaka.

Hoja zinazopinga

Wenzetu kadhaa wametupinga, na hoja zao zina uzito. Ya kwanza ni kwamba tutawapa watoto ujasiri wa kuchezea umeme wa nyumbani. Hofu hii tunaiheshimu. Lakini mwanachuo wetu hakunyoosha kidole kwa sababu ya kujua mno. Alinyoosha kwa sababu alikariri kwamba nyutro haina madhara. Aliyeona kwenye ubao kwamba waya wa kurudia unaweza kuwa na umeme hatausahau. Hata hivyo mwalimu hana budi kusema wazi katika kila kipindi: ubao huu ni wa betri tu, nyumbani kazi ya mwanafunzi ni kuuliza maswali, kumwomba mkubwa azime swichi kuu, na kumwita fundi mwenye leseni akiwa na habari kamili za kumpa.

Hoja ya pili ni muda. Mitaala imejaa, nayo mitihani haiulizi hitilafu. Ni kweli. Lakini vipindi viwili tu vikitolewa kwenye michoro, vinatosha. Na tukumbuke kwamba Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, imeyapa mafunzo ya amali nafasi kubwa katika sekondari. Mwanafunzi atakayefika huko bila kuzoea kuwaza juu ya kitu kilichoharibika atakuwa anaanza upya.

Hoja ya tatu ilitoka kwa mkufunzi mwenzetu tunayemheshimu sana. Alisema kwamba mwalimu hapaswi kuwaonyesha wanafunzi kitu kibovu kabla hawajakijua kizima barabara. Tulijadiliana naye kwa muda mrefu, na twakiri kwamba ana haki kwa kiasi: sakiti nzima itangulie. Lakini isikae peke yake muda mrefu. Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, alitaka shule ijenge akili ya kudadisi, na akili hiyo hupata kazi pale kitu kinapokataa. Balbu inayowaka siku zote haimlazimishi mtoto kuuliza chochote.

Tunawaomba basi wakufunzi wenzetu mambo matatu. Kila mwanachuo wa sayansi atengeneze ubao wake mmoja kabla ya kwenda mazoezini. Katika ukaguzi, tusimpe mtu alama za juu kwa somo la sakiti mpaka tumeona wanafunzi wake wakitafuta kilichokatika. Na mtihani wa chuo uwe na angalau swali moja linaloeleza nyumba yenye taa zilizozimika na zinazowaka, likimtaka mtahiniwa aseme ataanzia wapi na kwa nini.

Yule binti sasa yumo kidato cha kwanza. Tulipopita tena kwa baba yake tulimwachia ubao wenye misumari tisa. Kabla hatujamaliza chai alikuwa amekwisha kuipata hitilafu tuliyoificha, akawa anatufichia yake. Ilituchukua majaribio matano, ingawa matatu yangetosha.